Diski Kwenye Droo

Hospitalini walimwita Dada Giga, na jina hilo alilifanyia kazi. Miaka sita nyuma, alipohamishiwa kitengo cha eksirei kutunza picha za wagonjwa, aliwakuta makarani wanagombana na kompyuta kutwa nzima. Mmoja anang'ang'ania kutuma picha ya megabaiti ishirini kwa barua pepe isiyobeba zaidi ya kumi, mwingine analalama kwamba flashi yake ya gigabaiti nne imemdhulumu, kwa kuwa "nimeweka picha mia tatu tu, imejaaje?" Dada Giga akapiga naye hesabu hapohapo. Picha moja megabaiti kumi na tano, mara mia tatu, ni megabaiti elfu nne na mia tano, yaani gigabaiti nne na nusu. "Flashi haijakudhulumu, kaka. Wewe ndiye uliyeishindilia kupita kiasi."

Watu wakacheka, naye akabandika karatasi ukutani: baiti elfu moja ni kilobaiti moja, kilobaiti elfu moja ni megabaiti moja, megabaiti elfu moja ni gigabaiti moja, gigabaiti elfu moja ni terabaiti moja. Wapo wanaohesabu kwa elfu moja na ishirini na nne, aliwaambia, lakini kwa shughuli zetu elfu inatosha. Chini kabisa akaandika kwa wino mwekundu: *Biti nane ndiyo baiti moja. b ndogo si B kubwa. Msichanganye!*

Kwa hiyo lililotokea, lilimtokea mtu aliyekuwa akilijua. Hilo ndilo lililomnyima usingizi kuliko mengine yote.

Mashine kuukuu ya kutunzia picha ilikuwa ya kukodi, na mkataba ulikuwa umefika mwisho. Ilikaa kwenye chumba kidogo nyuma ya eksirei, ikivuma kama feni mbovu, ikiwa na diski tatu za gigabaiti elfu moja na mia mbili kila moja. Ya kwanza ilikuwa na picha za mwaka huu, ya pili za mwaka jana, ya tatu za mwaka juzi. Nakala ya akiba iliwahi kuwepo, lakini ilijaa kabla ya miaka hiyo mitatu, na barua za kuomba nyingine zilikuwa bado zinazunguka kwenye meza za wakubwa. Sasa hospitali imepata mashine mpya katika jengo jipya, ng'ambo ya uwanja wa magari, na kile chumba kinatakiwa na kliniki ya meno Jumatatu asubuhi.

Ijumaa mchana Daktari Mkuu alisimama mlangoni kwa Dada Giga. Alikuwa mama wa makamo, mtu wa maneno machache, na siku hiyo hata hayo machache alikuwa ameyapunguza.

"Giga, nipe jibu moja. Kuhamisha picha zote itachukua muda gani?"

Simu ya mezani ilikuwa inalia. Karani alikuwa amesimama pembeni na fomu mkononi. Dada Giga akavuta kikaratasi alichoachiwa na wale waliovuta kebo ya mtandao, kilichoandikwa: *Laini: 100 Mb kwa sekunde.* Akapiga hesabu nyuma ya fomu. Gigabaiti elfu tatu na mia sita ni megabaiti milioni tatu na laki sita. Gawa kwa mia moja, ni sekunde elfu thelathini na sita. Sekunde elfu tatu na mia sita hufanya saa moja.

"Saa kumi, Daktari. Tukianza leo kumi na moja jioni, saa tisa alfajiri tumemaliza."

"Una hakika?"

"Asilimia mia."

"Haya, saini hapa. Fundi wa kampuni atakuja kesho saa moja kufuta diski zao kabla hawajazibeba. Sitaki picha ya mgonjwa wangu hata mmoja ikatembee mitaani."

Akasaini. Ruhusa ya kufuta, kuanzia saa moja asubuhi, Jumamosi.

Jumamosi alifika saa mbili, ametulia, na maandazi mawili kwenye mfuko kwa ajili ya fundi. Alipofungua mlango wa kile chumba, macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye kioo cha kompyuta. *Imehamishwa: asilimia 19. Muda uliobaki: saa 65.*

Kwanza alidhani kioo kimeganda. Akasogea. Tarakimu zilikuwa zikitembea, taratibu, bila haraka na mtu. Akakiona kile kikaratasi pale alipokiacha jana, na safari hii akaiona ile herufi. b ndogo. Laini ilikuwa ya megabiti mia moja, si megabaiti. Gawa kwa nane, ni megabaiti kumi na mbili na nusu. Saa kumi zake zilikuwa saa themanini.

"Habari ya asubuhi, dada," fundi akasema nyuma yake.

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki pembeni, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, chai mkononi. Mezani mbele yake kifaa chake cha kufutia kilikuwa kinawaka taa ya kijani, na ndani ya kifaa, diski ya tatu.

"Zima!" Dada Giga alisema. "Zima hicho kitu!"

Fundi alikurupuka, chai ikamwagika, akachomoa waya. Taa ikazimika.

"Kuna nini?"

"Umeanza saa ngapi?"

"Saa moja kamili, kama ulivyoandika. Niliona hizi taa zinawaka bado, nikajiuliza. Lakini karatasi yako ilikuwa mlangoni, saini yako na muhuri. Mimi ni nani nibishane na karatasi?"

Kifaa kile kilikuwa kinafuta megabaiti mia na hamsini kila sekunde, kikianzia mwanzo wa diski. Kwa saa moja, gigabaiti mia tano na arobaini. Dada Giga hakuhitaji kalamu. Picha elfu thelathini na sita, za watu kama elfu tisa, kuanzia Januari ya mwaka juzi hadi katikati ya Juni. Zilizofutwa kwa kifaa kile hazirudi. Kuanzia hapo hadi Desemba picha zilikuwa bado zimo, ila orodha yake, iliyokaa mwanzoni mwa diski, ilikuwa imekwenda. Kuzitoa kungetaka mtaalamu.

Kisha fundi akavua miwani, akaifuta kwa shati.

"Sikia, dada. Mimi nina miaka thelathini kwenye kazi hii. Diski hufa. Zinakufa zenyewe, bila kuuawa na mtu. Ukisema hii imekufa, hakuna atakayeifungua. Mimi nitaandika hivyo kwenye ripoti yangu, kampuni haitauliza, ni chuma kuukuu. Ukisema lile lingine, wewe umeondoka na mimi nimeondoka."

"Na nusu iliyobaki?"

Fundi aliinua mabega.

Simu ya Dada Giga ikalia. Daktari Mkuu. Dada Giga aliitazama ikilia mara nne, na kila ilipolia aliona kama kuna mlango unafungwa mahali. Akapokea.

"Vipi, zimefika?"

"Mtandao ni mzito, Daktari. Zitafika zote Jumatatu asubuhi. Ila..." Akampa fundi mgongo. "Diski ya tatu imekufa. Ya mwaka juzi. Imegoma kabisa kusomeka."

"Mungu wangu. Yote?"

"Yote."

"Nilisema kuhusu ile nakala ya akiba. Nimeandika barua ngapi mimi?" Daktari Mkuu alishusha pumzi. "Basi. Si kosa lako. Okoa hizo mbili."

*Si kosa lako.* Hayo maneno yalimchoma kuliko ambavyo tusi lingemchoma. Alipokata simu, alimwomba fundi amwachie ile diski. Hakujua anaitakia nini. Aliifunga kwenye kitambaa, akaitia kwenye droo ya chini ya meza yake, akageuza ufunguo.

Mume wake alikuwa dereva wa malori, na wiki ile alikuwa njiani. Nyumbani alikaa na mama mkwe, aliyestaafu utunzaji wa stoo ya shule na ambaye mpaka leo alihesabu vijiko baada ya chakula. Jumapili mchana walikuwa wanachambua mchele jikoni, sinia katikati yao, na mama mkwe akamtazama mara mbili, mara tatu.

"Umechambua mahali hapohapo robo saa. Una nini?"

Dada Giga akamweleza. Mama mkwe hakuwahi kushika kompyuta, kwa hiyo ilibidi aelezwe tangu mwanzo.

"Hebu tuseme biti ni punje, mama. Punje nane ndiyo kibaba kimoja. Kibaba hicho ndicho baiti. Wale wa mtandao wanahesabu kasi yao kwa punje. Sisi wa kutunza tunahesabu mzigo wetu kwa vibaba. Wao wameandika punje milioni mia kwa sekunde. Mimi nimesoma vibaba milioni mia."

Mama mkwe aliacha kuchambua. "Kwa hiyo ukadhani gari linabeba mara nane ya linachobeba."

"Ndiyo."

"Na ukamruhusu mtu abomoe ghala wakati mzigo bado umo ndani."

"Ndiyo, mama."

Mama mkwe alikuwa ameelewa upesi kuliko makarani wote wa eksirei. Dada Giga alitegemea sasa atamwambia nenda kaseme. Lakini bibi yule alirudisha macho kwenye sinia, akaokota kijiwe, akakitupa.

"Nyamaza," alisema. "Nimefanya kazi stoo miaka ishirini na saba. Waliosema makosa yao niliwaona wakitoka getini na vifurushi vyao. Zimeshapotea, hazirudi. Ukisema, zitarudi?"

"Nusu zinaweza kurudi."

"Nusu," mama mkwe alirudia, akaendelea kuchambua.

Jumatano, mshonaji alikuja.

Alikuwa mzee mrefu aliyepinda kidogo kwa miaka ya kuinamia cherehani, shati lake limenyooka kama la bwana harusi. Alikuwa na kikohozi. Picha ya asubuhi hiyo ilionyesha kivuli kwenye pafu la kulia, ukubwa wa sarafu, na daktari wa kifua alishuka mwenyewe hadi kwa Dada Giga, mgonjwa akimfuata nyuma.

"Dada, nitafutie picha yake ya zamani. Anasema alipigwa hapahapa, mwaka juzi."

"Mwezi wa kumi," mshonaji alisema. "Nakumbuka kwa sababu nilikuwa na sare za shule nzima za kushona, nikawaacha wateja wananisubiri."

Oktoba. Dada Giga alisikia goti lake linagusa droo ya chini.

"Nikiona kivuli kilikuwepo tangu wakati huo na hakijakua," daktari alikuwa anamweleza mzee, "basi ni kovu tu, tunakuacha uende zako. Nisipokuwa na cha kulinganisha, itanibidi niingize sindano nitoe kipande nikipime."

"Picha za mwaka juzi zimepotea, Daktari," Dada Giga alisema. "Diski ilikufa."

Mshonaji alimgeukia. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyeambiwa kwamba nyumba aliyoiacha jana haipo. "Lakini mwanangu, siku ile niliuliza kama nipewe niende nayo nyumbani. Mliniambia nisijisumbue, mnatunza wenyewe."

"Ndiyo, baba."

"Haya," alisema mzee. "Basi sindano."

Sindano ilipangwa Ijumaa. Jumatano hadi Ijumaa kuna siku mbili, na katika siku hizo Dada Giga alisimama mara tatu mbele ya mlango wa Daktari Mkuu. Mara ya kwanza kulikuwa na wageni ndani. Mara ya pili alisikia Daktari Mkuu anacheka kwenye simu, akaona si wakati wake. Mara ya tatu hakukuwa na sababu yoyote. Alishika kitasa, akakiachia, akarudi mezani kwake.

Sindano iliingia sawasawa, lakini pafu la mzee halikuistahimili. Hewa ilivuja, pafu likasinyaa, na jioni ya Ijumaa alikuwa amelazwa na mpira umechomekwa ubavuni. Jumamosi Dada Giga alipita wodini akijifanya ana faili la kupeleka. Mshonaji alikuwa ameegemezwa kwenye mito, anavuta pumzi kama anayepanda ngazi. Mikono yake ilikuwa juu ya shuka, na vidole vilikuwa vinakunja ukingo wa shuka na kuukunjua, vinakunja na kuukunjua, kama anayepima upindo.

Jumatatu, kabla hajavua koti, alifungua droo, akaitoa diski na kitambaa chake, akaenda akaiweka juu ya meza ya Daktari Mkuu.

"Haikufa," alisema. "Ilifutwa kwa kosa langu."

Aliyasema yote akiwa amesimama: herufi, saa kumi zilizokuwa themanini, saini, kifaa, simu. Fundi hakumtaja kwa ushauri wake; alisema tu kwamba alifuata karatasi. Daktari Mkuu alisikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, mama yule alinyoosha kidole, akaigusa diski kidogo, kana kwamba ni ya moto.

"Ungeniambia Jumamosi ile ile," alisema, "ningekufokea. Ningekufokea mpaka jengo lisikie. Halafu tungemwita mtaalamu Jumapili. Yule mzee alikuja lini?"

"Jumatano."

"Siku tisa umekaa na hii kwenye droo. Kukosea hesabu, nani hajakosea? Mimi nimekosea dozi. Lakini Jumatano mgonjwa alisimama mbele yako." Akaisogeza diski kando. "Toka kwanza. Nitakuita."

Mtaalamu wa kuokoa data alikuja siku hiyohiyo, akafanya kazi siku nne. Alitoa gigabaiti mia sita na arobaini, picha elfu arobaini na mbili na ushee, zisizo na majina ya faili, na ilibidi zipangwe upya moja moja kwa jina la mgonjwa na tarehe vilivyochapwa pembeni ya kila picha. Ya mshonaji ilipatikana Ijumaa. Daktari wa kifua aliziweka mbili kando kwa kando. Kivuli kilikuwa palepale, ukubwa uleule. Kovu. Hata majibu ya kile kipande yalikuja kusema hivyohivyo.

Dada Giga alivuliwa kazi ya mashine. Walimwachia meza, simu na orodha ya wagonjwa elfu tisa wa Januari hadi Juni, ampigie kila mmoja kumwambia ukweli na kumuuliza kama anayo nakala nyumbani. Makarani waliendelea kumwita Giga, ila sasa walilitamka jina hilo wakitazama pembeni. Mama mkwe, alipoambiwa, aliuliza swali moja tu: kama mshahara umekatwa. Umekatwa. Akaitikia kwa kichwa, akaenda kuweka maji jikoni, na usiku huo alimpakulia mkwewe chakula kwa mkono wake mwenyewe, jambo ambalo hakuwa analifanya.

Kwa mshonaji hakutumwa na mtu. Alikwenda mwenyewe, siku ambayo mpira ulikuwa umetolewa, akavuta kiti.

"Baba, picha yako imepatikana."

"Nimeambiwa." Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Ni kovu."

"Ilikuwepo tangu siku ile ulipokuja. Ilikuwa kwenye droo yangu. Niliogopa kufukuzwa, nikasema imepotea."

Mgonjwa wa kitanda cha pili aliacha kutafuna.

"Mimi nimewahi kuharibu kitambaa cha mtu," hatimaye mshonaji alisema. "Kitambaa cha gharama. Nilikikata vibaya. Nikamwambia panya wamekula." Akavuta pumzi, akasubiri imfikie. "Lakini kilikuwa kitambaa."

Dada Giga aliomba msamaha, na mzee hakusema amesamehe wala hajasamehe. Alifumba macho, na Dada Giga akadhani mazungumzo yamekwisha, akainuka.

"Hizo picha," mshonaji alisema bila kufumbua macho. "Zote mbili. Zinaweza kuingia kwenye kitu nikaondoka nacho?"

"Zinaingia, baba. Kila moja ni megabaiti kumi na tano. Zote mbili hazifiki hata robo ya flashi ndogo kabisa."

"Basi niletee. Leo. Na unionyeshe zimo."

Alimletea jioni, akamfungulia kwenye kompyuta ya muuguzi, moja, kisha nyingine. Mzee alinyoosha mkono, akaipokea flashi, akamwomba muuguzi mfuko wake wa nguo, akaitia kwenye mfuko wa ndani wa koti, ule wenye kifungo. Akafunga kifungo mwenyewe, na ilimchukua muda.